Mbu wa mchana bustanini wananimaliza, naomba msaada kwenye tuta

mama_mchicha

Wakuu habari za mchana. Mwenzenu niko Tegeta huku, nina kabustani nyuma ya nyumba, kadogo tu, matuta manne ya mchicha na matembele, bamia pembeni, migomba mitano, mchaichai, halafu maua yangu kwenye vyungu hapo barazani. Sasa tangu masika yaanze sina raha. Mbu. Tena sio wale wa usiku wa kulia sikioni, hawa wanang'ata mchana kweupe, saa tatu asubuhi nikiinama kuchuma matembele vifundo vya miguu vishakwisha, na hawalii hata kidogo, unashtukia tu unajikuna. Jioni kuanzia saa kumi na moja ndo usiseme, mwanangu wa miaka mitano nimemkataza kabisa kucheza nje.

Nimefyeka nyasi zote. Nikamwita jamaa wa kupuliza dawa kwa mashine, 80,000 ikaenda, akapuliza moshi mpaka kuku wa jirani wakapiga kelele, siku tatu tukapumua, siku ya sita hao wamerudi utadhani walikwenda kuita ndugu zao. Nampigia ananijibu "mama hiyo inabidi turudie kila wiki mbili". Kila wiki mbili nitoe wapi? Na huo mchicha ninaoula si nao umepuliziwa? Koili nimewasha nje, upepo wote unapeleka kwa jirani.

Mume wangu anasema tung'oe kila kitu tumwage zege yaishe. Mimi sitaki, hiyo bustani ndo inafanya nisinunue mboga kabisa. Na jamani maji yaliyotuama kwangu HAKUNA, nimeangalia, uwanja ni mchanga mtupu mvua ikinyesha maji yanazama palepale. Sasa hawa wanatoka wapi??

kipepeo_wa_Makete

Hamieni huku Makete dada, baridi yetu tu inawamaliza, utahangaika na mafua lakini mbu utawasahau 😂

mama_mchicha

Tuma nauli na kiwanja mkuu nakuja leo 😂

bwana_afya_mstaafu

Mama mchicha pole sana. Kabla baba watoto hajaleta zege naomba unisikilize, mimi kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, kuingia uwani kwa watu na tochi na upawa mweupe, na hakuna nyumba niliyoingia mwenyewe asiniambie "mzee kwangu hakuna maji". Nampa dakika ishirini tu halafu namwita aje aone.

Kwanza huyo mbu. Ukimpiga mmoja usimfute, muweke kwenye karatasi nyeupe umwangalie vizuri. Kama ni mweusi ana madoa meupe mwilini na miguu ina pete nyeupe nyeupe, huyo ni Aedes, anang'ata mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia, na anapenda miguu. Wa malaria sio huyo, wa malaria kazi yake usiku. Huyu ndiye wa dengue, ndiye aliyetutesa hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019, kwahiyo usimchukulie poa.

Sasa siri yake ni hii, huyu hahangaiki na dimbwi la barabarani wala mchanga wako. Anataka CHOMBO. Kitu chenye ukuta na maji kidogo, hata kizibo cha soda kikikaa na maji wiki nzima kinamtosha. Na sio mbu wa safari ndefu, anazaliwa na kuzeekea hapohapo, mita mia, mia mbili. Maana yake nini? Maana yake mbu wanaokung'ata wewe ni wa kwako au wa jirani wa ukuta mmoja, hawajatoka Msasani.

Kwahiyo leo usitafute maji, tafuta vyombo. Sahani za chini ya vyungu vya maua (hizo naanza nazo kila nyumba). Ndoo na keni ya kumwagilia. Sahani ya maji ya kuku. Kifuu cha nazi kilichotupwa nyuma ya jiko. Turubai lililofunika kuni likaweka bonde katikati. Gata lililojaa majani ya mwembe, hapo panda ngazi usiangalie kwa chini. Mfuniko wa simtanki kama umepasuka. Tofali za matundu zilizopangwa pembeni. Tairi hilo halina mjadala. Halafu kitu chochote chenye shimo kinachotazama juu.

Ukipata maji usiyamwage kwanza, chota kwenye kikombe cheupe usogee juani. Viluwiluwi vya huyu vinaning'inia kichwa chini mkia juu, wanapumulia mkia, ukipitisha kivuli cha mkono wako vinashuka chini kwa kujinyonganyonga halafu vinapanda tena pole pole. Utaona na vingine vimejikunja kama alama ya mkato, vina kichwa kikubwa, hao ndo wamebakiza siku moja mbili wapate mbawa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka kwa joto letu ni kama siku 7 mpaka 10, ndo maana tunasema kila kitu kimwagwe mara moja kwa wiki, chagua siku moja, Jumamosi.

Na usimwage tu, SUGUA. Mayai yake yanabandikwa ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, vidoadoa vyeusi hata huvioni, yanakauka yanakaa miezi na hayafi, siku mvua ikijaza tena yanaanguliwa. Watu wanamwaga maji kisha wanashangaa.

Hiyo ya moshi imeua mbu waliokuwa wanaruka siku ile. Waliokuwa majini hakuwagusa hata mmoja. Siku ya sita hawakurudi, walizaliwa.

dereva_wa_Bunju

Mnazunguka sana wazee. Mleta mada mwaga oili chafu ya gari kila penye maji, nusu kopo tu, mbu wote kwisha habari yao. Kwetu tunafanya hivyo na shimo la taka na mitaro yote

bwana_afya_mstaafu

Kijana ni kweli inaua, zamani hata serikali za kikoloni walikuwa wanamwaga mafuta kwenye madimbwi, inaziba juu kiluwiluwi anakosa hewa. Lakini huyu mama anataka kula mchicha. Oili chafu ikiingia ardhini hapo tutaishia kupanda mawe. Na kwenye sahani ya chungu unaweka oili ya nini wakati unaweza kuimwaga tu?

dereva_wa_Bunju

Sawa mzee, mie nilikuwa nawaza mtaro

mwana_wa_Amu

Salaam alekum nyote. Mimi ni mtu wa Lamu ila sasa naishi Mombasa, nimeona huu uzi nikaona nami niseme langu. Hayo ya vyombo anayosema mzee ni kweli tupu. Mwaka 2004 kwetu Lamu tulipigwa na chikungunya, mji mzima watu wanatembea wameinama kama wazee kwa maumivu ya viungo, na mvua haikuwako, ulikuwa ni ukame. Watu wakashangaa mbu watokapi na kumekauka hivi? Kumbe kwa sababu ya ukame kila nyumba ilikuwa imejaza maji kwenye mapipa na mitungi, ndimo walimokuwa wakizaliwa. Kwahiyo bibie usidhani masika yakisha ndo umepona.

Sasa kuna kitu wazee wetu walikijua. Mabirika ya msikitini ya kutawadhia, yale ya zamani, yalikuwa yatiwa visamaki vidogo, na sisi watoto tukikaa pembeni twavitazama na kuvitupia makombo, tukifukuzwa tukiambiwa hao wana kazi yao. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kula viluwiluwi. Hakuna dawa, hakuna gharama. Kama una kisima au pipa kubwa la kumwagilia ambalo huwezi kulimwaga kila wiki, tia samaki watatu wanne, hata perege wadogo, usiwape chakula kingi wakashiba wakaacha kazi.

Ila maji ya kunywa ya watoto funika tu kwa kitambaa na ukifunge kwa mpira, samaki ni wa pipa la bustani.

shangazi_wa_Kigamboni

Nawafuatilia hapa nina swali, mchaichai na mwarobaini mbona hamjavitaja? Mimi nimezungushia mchaichai ukuta mzima nikaambiwa mbu hawasogei, nikapakua na programu ya simu ile inayotoa mlio wa kufukuza mbu

bustani_kwanza

Shangazi naomba nikujibu mimi hapo, nauza miche na nitajiharibia biashara lakini liwalo na liwe. Mchaichai ukiwa umesimama tu ardhini haufukuzi mtu. Harufu iko kwenye mafuta ndani ya jani, mpaka ulifikiche au ulikamue, na hata ukijipaka haikai muda mrefu inabidi urudie. Cha kusikitisha ni kwamba kichaka cha mchaichai kikishakuwa kikubwa, chini pale pana kivuli na unyevu, mbu wakishashiba damu wanakwenda kupumzika humohumo. Ukitaka kuamini kitikise kile kichaka saa nane mchana uone wanavyotoka. Usiung'oe, upunguze tu majani ya chini hewa ipite, chai utakunywa.

Kivumbasi hicho nakipa heshima yake, bibi zetu walikuwa wanachoma majani mabichi jioni na moshi wake unasaidia kweli, mbu hawaishi lakini wanapungua pale ulipokaa. Hiyo programu ya simu futa, ni kumaliza chaji. Mlio haumfukuzi mbu jike na jike ndiye anayeng'ata. Zile taa za kuunguza wadudu nazo zinaua nondo na wadudu wasiokuwa na hatia, mbu wachache mno.

Kama unataka kukaa barazani jioni weka feni. Sitanii. Mbu haruki vizuri kwenye upepo, feni ya kusimama ikipuliza usawa wa miguu inakupa raha kuliko koili kumi. Na bustanini asubuhi vaa soksi na suruali, au jipake losheni yenye DEET (dawa ya kufukuza mbu), basi.

mama_mchicha

Wakuu nimerudi. Mzee naomba unisamehe kwa yale maneno ya "kwangu HAKUNA" 🙈

Leo Jumamosi nimetoka na mwanangu na kikombe cheupe cha chai cha wageni (mume wangu asijue). Sahani za vyungu ziko tisa, sita zina viluwiluwi, na moja ile ya ua kubwa la mlangoni walikuwa wamejaa mpaka maji yanachezacheza yenyewe. Nikapitisha kivuli cha mkono vikashuka vyote kwa pamoja kama alivyosema mzee, mwanangu alicheka mpaka akakaa chini, akasema "mama wanacheza singeli". Basi ikawa mchezo wake, anatafuta mwenyewe anakuja kunivuta gauni.

Zile chupa za plastiki nilizokata nikapandia vitunguu, nilisahau kutoboa chini, tatu zina maji, wamo. Keni ya kumwagilia wamo. Vifuu viwili nyuma ya jiko, kimoja wamo. Gata nimemtuma kijana akapanda, katoa majani meusi yanayonuka ndoo mbili nzima. Kwenye migomba nimechungulia pale jani linapotokea kwenye shina, kuna maji kweli, nikavuta kwa bomba la sindano nikapata wawili tu, je mzee niikate migomba?

Nimepiga mbu wawili nikaweka kwenye karatasi. Pete nyeupe miguuni. Ndiyo wenyewe.

bwana_afya_mstaafu

Hahaha mpe huyo mtoto kazi, ameshanipita. Migomba acha, toa majani makavu ya zamani yale yanayoning'inia, mengine hayana shida kubwa ukilinganisha na sahani tisa. Magimbi pia yanashika maji hivyohivyo, mtu asije akakuambia ukate kila kitu. Sahani ukishazisugua jaza mchanga, chungu kitakunywa unyevu na mbu hatapata pa kutagia.

Sasa kama baada ya siku kumi bado wapo wengi, kuna chombo hujakiona. Kipo.

fundi_wa_Mbagala

Mimi niongezee upande wangu maana mnaongelea wa mchana tu, wale wa usiku wanaolia sikioni mara nyingi wanatoka chooni. Yaani kwenye karo. Hao ni Culex, wao wanapenda maji machafu na kule pwani ndo wanaeneza matende na mabusha. Kila nikienda kutengeneza naona mambo mawili, mfuniko wa chemba umepasuka kona, na bomba la kupumulia karo limeachwa wazi juu. Funga kipande cha wavu juu ya bomba kwa waya, elfu mbili haifiki, na ufa wa mfuniko uzibe na saruji. Ukipita jioni kwenye bomba lililo wazi utawaona wanatoka kama moshi.

Nilifundishwa na mzee mmoja wa Unguja kuwa kule Makunduchi miaka ya mwisho ya 1980 watafiti walimwaga punje za lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi za tivii, wakamwaga kwenye mashimo ya vyoo yenye maji, punje zikaelea zikafunika juu, mbu akija hana pa kutaga na aliyemo ndani hapati hewa, na punje haziozi. Wakatoa na dawa za matende kwa watu. Mbu walipungua vibaya sana. Ni kwa shimo lililofungwa lakini, sio mtaro, mtaroni mvua inabeba zote zinaziba mbele huko.

mdau_tu

Kuna ile dawa ya bakteria ya kiwanda cha Kibaha, kile kilichojengwa kwa utaalamu wa Wacuba, inatiwa kwenye maji kiluwiluwi anakula anakufa tumboni, haimdhuru mtu wala samaki wala nyuki. Ya pipa au bwawa ambalo haliwezi kumwagwa hiyo ndo yenyewe, soma tu kipimo kwenye chupa. Ila vile vilivyojikunja kama mkato havili tena, hivyo haviathiriki, kwahiyo usipime kazi yake siku ya pili.

mama_mchicha

Jamani ni siku ya kumi na mbili leo, naleta mrejesho.

Baada ya kusafisha wiki ya kwanza walipungua lakini sio sana, nikawa naumwa roho. Nikakumbuka maneno ya mzee, chombo hujakiona, kipo. Nikazunguka tena na mwanangu, hamna. Ni yeye aliyeuliza, mama hizi fimbo za banda la kuku zina tundu? Nguzo za banda ni mabomba ya chuma, nane, marefu kunizidi, juu yako wazi. Sikuwahi kuwaza. Nikapanda kwenye stuli nikaingiza kijiti kikatoka kimelowa mpaka katikati. Nikafunga kitambaa kwenye mpira wa maji nikavuta kile cha kwanza nikatema kwenye beseni (niliusukutua mdomo mara ishirini), wamejaa!! Miaka miwili hilo banda lipo hapo.

Mume wangu akaja kuangalia, akanyamaza kidogo, halafu akaenda hadi kwa mafundi wa jirani akarudi na zege kwenye karai. Akajaza mabomba yote nane mpaka juu. Kwahiyo zege kalimwaga, ila bustani ipo.

Leo asubuhi nimechuma mchicha nusu saa nimeng'atwa mara mbili. Mara mbili tu, nilihesabu. Karo nalo tumeziba ufa na kuweka wavu kama alivyosema fundi.

Limebaki moja. Hao mafundi wa jirani wana pipa mbili za maji ya kujengea, zimekaa wazi tangu mwezi wa pili. Nilikwenda nikawaambia wakanicheka, nikawachotea kwenye kikombe nikamwonyesha msimamizi wao, akakaa kimya akasema "aisee". Amekubali kufunika na turubai ila wanafunua kila saa. Mwana wa Amu, nikiwapelekea perege watatu watapona humo?

mwana_wa_Amu

Mamangu pipa la saruji usitie samaki, wachovya ndoo zenye saruji humo, watakufa siku hiyohiyo na dhambi iwe juu yako. Hapo ile dawa ya Kibaha ndo mahali pake.

mama_mchicha

Sawa, Jumatatu naifuata. Na kikombe cha wageni nimenunua kingine.